Waliunguza Keja, Sasa Wanatukopesha Mabati: Ukweli Kuhusu Doo za COP

Karibu saa tisa usiku, Novemba 24, 2024. Mahali ni Baku, mji mkuu wa Azabajani, kwa kumbi za muda zilizojengwa kwa uwanja wa mpira. Mkutano wa COP29 ulifaa kuisha Ijumaa, na sasa ni Jumapili. Wajumbe wamechoka mbaya. Jumamosi mchana, nchi za visiwa vidogo na zile maskini zaidi duniani zilikuwa zimetoka nje ya kikao kwa hasira juu hakuna mtu alikuwa anaziskiza.

Waziri wa mazingira wa Azabajani, Mukhtar Babayev, mwenye alikuwa anaongoza mkutano, akasoma haraka haraka, akaangalia ukumbi kidogo tu, akagonga nyundo. Imepita! Watu wakasimama, makofi, kukumbatiana.

Alafu mjumbe wa India, Chandni Raina, akapata kipaza sauti na akaharibu sherehe. Alisema India iliomba kuongea kabla ya nyundo na ikachorewa, na kwamba ile pesa imepitishwa ni kiini macho. Nigeria nayo ikasema huo ni mzaha. Makofi ya pili yakaenda kwa hao.

Pesa yenyewe ni dola bilioni 300 kila mwaka, kufikia 2035. Nchi maskini zilikuwa zimeitisha trilioni 1.3. Yaani uliitisha ngiri na tatu, ukaambiwa utapewa mia tatu, na hiyo mia tatu ungoje miaka kumi.

Najua chenye unafikiria. Mimi niko Pipeline, maji ilienda Jumanne na haijarudi, Baku inanihusu na nini? Wacha nikuchanue, juu hii stori ni ya mfuko wako kuliko unavyodhani.

Tuanzie kwa plot. Kuna jamaa anaishi ghorofa ya juu kabisa. Amekuwa akiwasha moto kwa nyumba yake miaka yote, anapika, anapasha joto, anaendesha biashara, ameomoka vizuri sana. Siku moja moto unashuka na unachoma keja za chini. Zako ni masufuria mawili na godoro, zote zimeisha. Jamaa anashuka na sura ya huruma, anakuambia, "Pole sana jirani. Nitakusaidia kununua mabati. Nitakukopesha, na riba si kubwa."

Hiyo ndio siasa ya tabianchi kwa aya moja.

Hesabu sasa. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote ambayo binadamu wametoa tangu viwanda vianze. Ulaya iko hapo nyuma yake. Afrika nzima, na watu wake zaidi ya bilioni moja, inatoa kama asilimia 4 ya hewa ukaa ya kila mwaka. Kenya haifiki hata asilimia 0.1. Mkenya wa kawaida anatoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka, Mmarekani anatoa takriban tani 14. Na stima yetu karibu yote inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Kwa hii kesi, sisi ni wale watu walikuwa wamelala moto ukianza.

Lakini angalia nani alichomeka. Kuanzia mwisho wa 2020, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia. Ukame mbaya zaidi kwa miaka 40. Hapa kwetu pekee mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kama una rafiki wa Marsabit ama Wajir, muulize mbuzi wangapi walibaki kwao. Ng'ombe kwa hizo sehemu ni benki, ni karo, ni mahari, ni bima ya hospitali. Akikufa, akaunti imefungwa. Wanasayansi wa kikundi cha World Weather Attribution walipiga hesabu mwaka wa 2023 wakapata kwamba ukame kama huo umefanywa kuwa rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi na joto hili tumewekewa. Mara mia, wasee.

Alafu ukame ukaisha na maji ikakuja yote mara moja. Kati ya Machi na Mei 2024, karibu watu 300 walikufa kwa mafuriko Kenya. Mai Mahiu, usiku wa Aprili 29, watu walibebwa na maji wakiwa wamelala. Mathare, nyumba zikaenda na mto. Hapa lazima niseme ukweli, mafuriko ya Nairobi huwezi bandika yote kwa tabianchi. Mitaro imeziba, kuna masonko wamejenga juu ya mito na hakuna mtu anawaguza, na wanasayansi wale wale waliona mchango wa joto kwa mvua ya 2024 ni mdogo ukilinganisha na ule wa ukame. Lakini swali la bili linabaki pale pale. Baada ya mafuriko, gava iliwaambia watu wa kando ya mto watoke, tingatinga zikaingia Mathare, na Rais akaahidi kila familia ngiri kumi ya kuanza upya.

Ngiri kumi. Deposit ya keja na rent ya mwezi wa kwanza inakula hiyo yote kabla hujanunua sufuria.

Hiyo ngiri kumi ilitoka kwa nani? Ilitoka kwa ushuru wako. Anayelipia moto ni wewe wa ghorofa ya chini.

Mkopo unaoitwa msaada

Mwaka wa 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba kufikia 2020 zitakuwa zinapeana dola bilioni 100 kila mwaka kusaidia nchi maskini kupunguza gesi na kujikinga. Huo mkutano ulikuwa moto. Msudan mmoja, Lumumba Di-Aping, mwenye alikuwa anaongoza wajumbe wa kundi la G77, alisema waziwazi kwamba Afrika inaombwa kusaini mkataba wa kujiua. Walimkasirikia sana. Na 2020 ikafika, bilioni 100 haikufika. Ilifika 2022, miaka miwili baada ya muda, kulingana na hesabu ya OECD, ambayo ni klabu ya nchi tajiri zenyewe.

Sasa fungua hiyo bahasha uone ndani. Kwa zile pesa za umma za 2022, yaani zenye zilitoka kwa serikali na benki za maendeleo, karibu asilimia 70 zilikuwa mikopo. Pesa za bure, za kupewa tu, hazikufika hata theluthi moja. Na mkopo kwa hivyo vitabu unahesabiwa wote mzima. Ukikopeshwa mia, utarudisha mia na riba juu, lakini kwa karatasi imeandikwa wamekusaidia na mia.

Mimi niliacha chuo semesta ya tatu, uchumi sikufika mbali. Lakini hata makanga wa mat za Rongai anajua Fuliza si zawadi.

Na Kenya iko ndani ya hii kitu mpaka shingoni. Julai 2023, IMF ilitupitishia zaidi ya dola milioni 500 kutoka kwa mfuko wake wa kusaidia nchi kustahimili mambo kama tabianchi. Ilitangazwa kama habari njema, na si habari mbaya kabisa, juu riba iko chini na muda wa kulipa ni mrefu. Lakini ni deni. Mtoto wako ndiye atamalizia kulipa kujikinga na joto lenye hakuleta.

Kumbuka hiyo ni nchi yenye Rais wake mwenyewe alisema 2024 kwamba kwa kila shilingi 100 za ushuru, 61 zinaenda kulipa madeni. Sisemi deni letu lote ni la tabianchi. Wacha, tuna SGR, tuna Eurobond, tuna mambo mingine hata hayana risiti. Lakini ukiongeza deni la mafuriko juu ya deni la reli, anayelipa ni yule yule. Na tulishaona vile inakuwanga gava ikikosa doo: Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na kodi ya mazingira yenye ingeongeza bei ya simu, nepi za watoto, tairi. Wakaiita ya mazingira! Mathe wa Githurai anatozwa kwa nepi juu dunia imechafuka. Vijana waliingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada ukaondolewa Juni 26. Watu wengi wanaisoma hiyo stori kama siasa ya Nairobi pekee. Mimi naona ile ngazi ya juu ya plot ikiwa nyuma yake.

So ile bilioni 300 ya Baku, cheki vile iliandikwa. Itatoka kwa "vyanzo mbalimbali", vya serikali na vya watu binafsi. Mikopo ndani. Uwekezaji wa kampuni ndani. Kampuni ya Ulaya ikijenga mitambo ya sola hapa na ikuuzie stima kwa faida, kama kuna pesa ya serikali yao ilisaidia kuivuta, hiyo inaweza kuhesabiwa kama wametusaidia. Ndio maana yule mama wa India alisema kiini macho.

Kwa nini basi tunaendanga?

Swali poa. Kama ni kuchezwa tu, si tukae nyumbani tuokoe nauli? Hasa vile tunajua delegeshoni zetu. Dubai 2023, Wakenya walichemka mtandaoni wakiuliza hao watu wote wameenda kufanya nini. Haki yao.

Lakini kuna kitu kimoja kuhusu COP ambacho huwezi pata mahali pengine. Hakuna kupiga kura. Tangu mkutano wa kwanza, Berlin 1995, nchi zilishindwa kukubaliana sheria za kura, na mpaka leo hazijawahi. Kila uamuzi lazima upite kwa mwafaka. IMF na Benki ya Dunia, kura zinaenda na doo: mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti. Baraza la Usalama la UN, wakubwa watano wana veto. Lakini kwa COP, Tuvalu, yenye watu hawajai hata nusu ya Kasarani, ina kiti sawa na Marekani. Akikataa, kazi inasimama. Kinadharia, angalau. India iliona Baku vile nyundo inaweza kuwa haraka kuliko mkono.

Hiyo sheria inakata pande mbili, na wauza mafuta kama Saudia wanaitumia kila mwaka kuchelewesha mambo. Ndio maana karatasi nyingi za COP zinatoka zikiwa uji. Hata hivyo, hakuna chumba kingine duniani chenye Burundi inaweza kumfanya mtu wa Washington akose usingizi.

Na imewahi kuzaa matunda, pole pole mpaka inauma. Mwaka wa 1991, Vanuatu, nchi ya visiwa huko Pasifiki, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipendekeza kuwe na mfuko wa kulipa nchi zenye zitaharibiwa na bahari ikipanda. Ilichekwa. Nchi tajiri zikaweka hiyo stori kwa droo miaka thelathini, juu ziliogopa neno moja tu: fidia. Ukikubali fidia umekubali kosa, na ukikubali kosa bili haina mwisho.

Kitu kilivunja hiyo ukuta ni Pakistan. Mafuriko ya 2022 yaliua zaidi ya watu 1,700 na kugusa watu milioni 33. Hasara ilipita dola bilioni 30. Na bahati ikawa kwamba mwaka huo huo Pakistan ndiyo ilikuwa mwenyekiti wa G77. Ilienda Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba ile, na ikakataa kutoka bila mfuko wa hasara na uharibifu. Nchi maskini zikashikana, hazikugawanywa. Mfuko ukapita.

(Ulimwengu ulivyo na madharau, Januari 2023 Pakistan ikaahidiwa zaidi ya dola bilioni 9 za kujijenga upya. Sehemu kubwa? Mikopo.)

Mwaka ukaisha, Dubai, siku ya kwanza kabisa ya COP28, mfuko ukafunguliwa rasmi na ahadi zikaanza kusomwa kama kwa harambee. Wenyeji wakaweka dola milioni 100. Ujerumani milioni 100. Uingereza ikasema hadi pauni milioni 60. Japani dola milioni 10. Na Marekani, mwenye ghorofa ya juu mwenyewe, akaingiza mkono mfukoni akatoa milioni 17.5.

Weka kwa lugha ya mpira ndio uelewe. Mwaka huo huo Chelsea walikuwa wamenunua Enzo Fernández kwa zaidi ya pauni milioni 100. Kiungo mmoja. Uingereza yote, nchi yenye ilianzisha mapinduzi ya viwanda, ikaahidi karibu nusu ya mguu wa Enzo kwa hasara ya dunia nzima. Na milioni 17.5 za Marekani, siku hizi hata winga wa benchi hupati. Machi 2025 Marekani ikajiondoa kabisa kwa bodi ya huo mfuko.

Na kama umewahi kaa harambee unajua ahadi na pesa ni watu wawili tofauti. Mheshimiwa anasoma laki tano, anapigiwa vigelegele, mweka hazina anamtafuta mpaka leo. Kufikia mwisho wa 2025, ahadi zote za mfuko zilikuwa hazijafika dola bilioni moja, na zenye ziliingia kwa akaunti ni chini ya hizo. Linganisha na bilioni 30 za Pakistan, msimu mmoja, nchi moja.

Vita vya neno moja

Ukitaka kujua hawa watu wako makini aje, skiza hii ya Paris 2015. Mkataba umeiva, watu wamejipanga kushangilia, ghafla mambo yanasimama. Mawakili wa Marekani wameona neno. Rasimu ya mwisho ilisema nchi tajiri "lazima" ziongoze kupunguza gesi. Wao walikuwa wanataka iseme "zinafaa" kuongoza. Kwa Kiingereza tofauti ni herufi chache. Kwa sheria, tofauti ni kama ile ya "utalipa rent" na "ingekuwa vizuri ukilipa rent". "Lazima" ingemaanisha kupeleka mkataba kwa Seneti yao, na ungekufa huko. Wakahangaika nyuma ya pazia, mwishowe sekretarieti ikasimama na kusoma marekebisho kama makosa ya chapa tu. Nyundo. Makofi. Historia.

Sasa rudi Baku na hayo macho. Kwa ile bilioni 300, mkutano "unaamua", na nchi tajiri "zinaongoza". Kuongoza, si kulipa. Kwa ile trilioni 1.3 yenye tuliitisha, mkutano "unatoa wito" kwa wadau wote. Kutoa wito ni kile wazee wa mtaa wanafanyanga taka zikijaa.

Belém, Brazili, Novemba 2025, hivyo hivyo. Nchi maskini zaidi zilitaka pesa za kujikinga ziongezwe mara tatu kufikia 2030. Karatasi ikatoka ikitoa wito wa juhudi za kuziongeza mara tatu kufikia 2035. Miaka mitano imeibwa kwa sentensi moja, na hata haikusema wazi mara tatu ya ngapi.

Haya maneno yanatafutwa usiku wa manane, kwa vyumba vingi kwa wakati mmoja. Tajiri anakuja na mawakili wa kila chumba, na wa kubadilishana zamu. Nchi ndogo inakuja na watu watano, wawili wana homa, na hoteli imewamaliza. Belém vyumba vilipanda bei mpaka nchi za Afrika zikalalamika rasmi miezi kabla ya mkutano, na mwenyekiti wa wajumbe wa Afrika, Mtanzania Richard Muyungi, akasema hawatapunguza idadi ya watu wao kwa sababu ya hoteli. Alikuwa sawa. Ukikosa mtu kwa chumba saa tisa usiku, "lazima" inageuka "inafaa" na hutawahi jua nani alifanya hivyo. Huko Baku, kiti hicho cha kuongea kwa niaba ya Afrika kilikuwa cha Mkenya, Ali Mohamed. Kwa hivyo mimi sina shida na delegeshoni kubwa. Shida yangu ni delegeshoni kubwa yenye wanaojua kusoma rasimu ni wachache na waliobaki wako kwa maduka ya Dubai.

Kuna ile hoja ya China, na usiikwepe ukibishana na mtu. Orodha ya nani ni tajiri na nani ni maskini iliandikwa 1992. Kwa hiyo orodha, China bado ni nchi inayoendelea. Saudia pia. Emirati pia, na ile minara yote. China saa hii ndiyo inatoa gesi chafu nyingi kuliko mtu yeyote kwa mwaka. Ulaya inauliza, kwani hawa hawalipi? Na enyewe wana pointi. Shida ni kwamba wanaitumia kama mlango wa nyuma: badala ya kusema "sisi tunalipa hii yetu, na China naye alete yake", wanasema "mpaka China alete". Wakingojeana hivyo, Budalang'i inaendelea kuzama.

"Si hizo doo zitakulwa tu?"

Hii ndio komenti ya kwanza naona ikija, wacha niijibu kabla. Ndio, zinaweza kulwa. Tumeona doo za Covid, tumeona mabati ya watu wa Karamoja huko Uganda yakipatikana kwa mawaziri. Hakuna mtu mtaani anahitaji kufundishwa. Lakini angalia vile hiyo hoja inafanya kazi: mkopo ukikulwa, bado unaulipa. Msaada ukikulwa, umeibiwa mara moja. Mkopo ukikulwa umeibiwa, alafu unatumiwa bili. Kama gava yako ni ya mikono mirefu, hiyo ndio sababu zaidi ya kukataa mikopo.

Na kuna kitu kingine Wakenya wengi hawako rada nayo. Mfuko wa hasara na uharibifu umetenga dola milioni 250 za kuanza, za kupewa bila kurudisha, na kila ombi ni kati ya milioni 5 na 20. Belém ndipo walifungua mlango wa maombi. Angalau nusu ya hizo zimewekewa nchi maskini zaidi na visiwa vidogo. Uganda iko kwa hiyo orodha. Tanzania, Ethiopia, Rwanda, Burundi, Somalia, Sudan Kusini, wote wako. Kenya haiko. Mwaka wa 2014 tulipiga hesabu upya ya uchumi wetu, tukavuka mstari, tukaitwa nchi ya kipato cha kati, ngazi ya chini. Watu walifurahi sana. Kwa karatasi tumeomoka. Kwa hivyo mfugaji wa upande wa Moyale yetu na binamu yake wa upande wa Ethiopia, walipoteza ng'ombe kwa ukame ule ule, wiki ile ile, lakini mmoja ana foleni yake na mwingine anapigania mabaki na dunia yote.

Hapo ndipo wajumbe wetu wanafaa kuwa wanapigania, na ni stori ya kiufundi, haina picha nzuri ya kuposti. Vile umaskini unapimwa. Kama kipimo ni mapato ya nchi nzima ukigawanya na watu wote, Turkana inabebwa na Westlands na inakosa.

Kuna mbogi moja ya vijana ilinifanya niamini hizi karatasi si za wazee peke yao. Mwaka wa 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini waliamua kutafuta njia ya kupeleka dunia kwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu ikabeba kesi yao. UN ikapitisha 2023. Julai 23, 2025, majaji wa The Hague wakasema kwamba nchi zina wajibu kisheria kulinda hali ya hewa, na yenye inavunja huo wajibu inaweza kudaiwa, hata fidia. Ni maoni ya mahakama, hayamfungi mtu pingu. Lakini lile neno lenye lilikuwa marufuku kwa COP sasa limetamkwa na mahakama kuu ya dunia, na lilianzia kwa darasa.

Mkutano wa 2026 unaenda Antalya, Uturuki. Wa 2027, COP32, uko Addis Ababa. Mara ya mwisho hii kitu ilikuja Afrika Mashariki ilikuwa Nairobi yenyewe, 2006, wengi wetu tukiwa shule ya msingi. Addis iko hapo tu, Moyale barabara ni lami, hakuna mtu ataleta kisingizio cha hoteli za Brazili.

UN inachapisha majina ya kila mjumbe wa kila nchi kwa kila COP, na cheo chake kando. Iko wazi kwa mtandao, haiitishi nywila. Cheki ya Kenya. Hesabu wenye wameandikwa kuwa wa tabianchi, wa fedha, wa sheria, alafu uhesabu wenye wameandikwa cheo chenye hata hukielewi. Kwa Addis, hiyo orodha itatoka tena, na nauli ni yetu.